Nundu ya Paa

Usiku ule nililala na harufu ya tina ya kuchanganyia rangi puani. Chumba changu kiko upande wa ua, na uani ndiko mwanangu Tumaini alikokuwa amelipaka rangi paa la gari la marehemu baba yake, jioni ile ile, akaliacha juu ya mapipa mawili likauke. Nilifunga dirisha, harufu ikapita chini ya mlango. Nikasali sala yangu fupi, nikajifunika.

Mimi si mtu wa ndoto. Wako wanawake kanisani kwetu kila wakilala huoteshwa, asubuhi wanakuja na maono kama watu waliotoka sokoni na vikapu. Mimi nikilala nimelala. Kwa hiyo haya nayaandika kama yalivyokuwa, kwa mwandiko wangu huu nilioupata kwenye darasa la watu wazima, na chumvi siongezi.

Lakini kwanza niseme habari ya hilo paa, maana asiyeijua hataelewa kwa nini niliamka nalia, mimi ambaye hata msibani walinisengenya kwamba sina machozi.

Mume wangu, Baba Tumaini, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, huku kwetu Njombe. Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wake, siku ya kurudi kwao, alimwachia masanduku ya mbao. Ndani mlikuwa na gari. Si gari zima. Vipande vya gari, lile la kuunganisha mwenyewe nyumbani, bodi huku, milango kule, na kitabu cha picha. Injini haikuwamo. Mume wangu akatafuta chasisi ya pikapu iliyopinduka, akatafuta injini ya teksi iliyokufa, akawa anaunga. Miaka ikaenda. Watoto wakaota meno, wakasoma, wakaoa, yeye anaunga. Lilipokwisha nikaitwa kulitazama. Lilikuwa na viti viwili tu, na paa halina. Liko wazi kama karai.

Akanifungulia mlango mbele ya watu. "Panda, Mama Tumaini."

Nikamwambia, "Mimi si gunia la viazi. Njombe hii ya mvua na ukungu nipande kitu kisicho na paa? Siku ukiliwekea paa, nitapanda."

Aliufunga ule mlango taratibu, kesho yake akaanza kazi ya paa.

Paa hilo tulilifinyanga. Kalibu ya kiwandani hakuwa nayo, kwa hiyo alirundika udongo juu ya mbao, akaupa umbo, kisha akaniita mimi niukandike, maana kwetu kukandika ni mkono wa mwanamke. Nikaukandika kama ninavyokandika jiko langu, nikaulainisha kwa kiganja na maji. Yeye amesimama pembeni anaelekeza. "Upande huu wa kushoto ongeza." Nikaongeza. "Ongeza tena." Nikamuuliza, "Baba Tumaini, tunatengeneza paa au kichuguu?" Akasema, "Wewe ongeza."

Udongo ulipokauka akatandaza nailoni, juu yake akaweka faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, na gundi yake, tabaka juu ya tabaka. Lilipobanduliwa, paa lilikuwa gumu na jepesi, na juu ya kiti cha abiria lilikuwa na nundu. Nundu kweli, kama ya fahali. Upande wa dereva sawa, upande wa pili kilima.

Akafa kabla hajalipaka rangi. Kifua kilimbana wiki mbili, akaenda. Paa likakaa kwenye banda la kuni mwaka mzima, kuku wakatagia chini yake.

Mwaka ulipotimia tukapanga ibada ya kuweka msalaba kaburini, Jumapili. Tumaini, ambaye alirithi ufundi wa baba yake, akalitoa paa bandani akaliosha. Akaniambia, "Mama, ulimwahidi baba kwamba akiweka paa utapanda. Paa lipo. Nitalimaliza, na Jumapili nitakupeleka kaburini ndani ya gari lake, akuone." Nilisema sawa. Sikuonyesha, lakini moyo wangu ulilitaka jambo hilo kuliko msalaba wenyewe. Nilikuwa nimemnyima mtu kitu kidogo tu, kukaa kwenye kiti. Nilitaka nimpe.

Sasa Jumanne, Tumaini analipiga msasa, jirani yetu Baba Zawadi akaegemea ua wetu. Yule mzee ulimi wake hauna breki.

"Mama Tumaini," akasema, "hilo gari lenu lina mimba ya mgongoni. Litajifungua lini?"

Wakacheka wote waliokuwa njiani. Mkwe wangu Neema, mke wa Tumaini, akajificha uso kwenye kanga, nikaona mabega yanatikisika. Nikashikwa na aibu. Nikamwambia Tumaini, "Kata hiyo nundu."

"Mama, baba hakuwa mtu wa kuweka kitu bure."

"Baba yako macho yalikuwa yamekwisha. Kata. Siendi kaburini nimebebwa na fahali."

Alinitazama kidogo, kisha akakata. Ile nundu ikatoka nzima, kama bakuli kubwa, ikabingirika mpaka karibu na jiko. Tundu akaliziba kwa faiba bapa, akaweka puti ya kusawazishia, akapiga msasa wa maji siku mbili, na Ijumaa jioni akapuliza rangi ya kijani, kijani cha jani la chai, aliyoichagua baba yake. Paa likawa tambarare kama meza. Nikasema, hapo sasa. Nikaenda kulala na ile harufu.

Basi nimelala, na mara niko uani.

Ni mchana. Ukungu umeshuka hadi magotini, miguu yangu siioni. Paa liko juu ya mapipa mawili pale pale, na mtu ameliinamia anapiga msasa. Shaa, shaa, shaa. Nilimjua kwa mgongo. Amevaa ovaroli lake la bluu, lile lisilo na kifungo cha tatu. Na mimi najua, pale pale ndani ya ndoto najua, kwamba ovaroli hilo nililichana mwenyewe matambara, na Tumaini anafutia nayo vumbi la puti. Natazama nione limechanika wapi. Halijachanika.

Akageuka. Hakuwa mgonjwa. Akanisalimu salamu ya kwetu, kama mtu aliyetoka dukani.

"Kamwene, Mama Tumaini."

Wazee walitufundisha: marehemu akikusalimu ndotoni usiitike. Akikupa chakula usile. Akikuambia keti, simama; akisema twende, kataa. Nimewafundisha watoto wangu hivyo, na wajukuu. Nikaubana mdomo. Lakini ndani yangu kitu chote kilikuwa kinaitika, kamwene, kamwene, mpaka mbavu zinauma.

Yeye hakukasirika. Alirudi kwenye msasa. Na paa analolipiga msasa, nundu iko. Imerudi mahali pake, anaizunguka kwa kiganja kama mtu anayemwosha mtoto kichwa. Nataka kumwambia, hiyo haipo, imekatwa Jumanne. Mdomo haufunguki.

Akanyosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akitaka kupewa kitu.

"Tambara."

Ninalo mkononi. Ni kipande cha ovaroli lake mwenyewe, cha mfukoni, na mfuko bado umeshonwa. Ninakificha nyuma yangu. Anangoja, mkono umenyoshwa. Anangoja sana. Mwisho akafuta vumbi kwa mkono wa ovaroli.

Kisha tuko jikoni kwangu, jiko la zamani lile lililoanguka, na udongo uko mbele yangu mbichi, na mikono yangu imezama hadi viwikoni. Nakandika. Yeye amesimama mlangoni na mwanga nyuma yake. "Ongeza," anasema. Nachota udongo, naweka. Ninaouweka unateremka. Naweka mwingine, unateremka, unakimbia kwenye vidole kama uji. Naukandamiza kwa viganja viwili, naukumbatia kwa mikono yote, mimi mwanamke mzima nimelikumbatia tope, nalo linakwisha, linalala bapa, linakuwa meza. "Ongeza," anasema, kwa upole ule ule. Hakuna wa kuniambia basi.

Nikainua macho, tuko uani tena na yeye anapuliza rangi. Bomba la rangi liko mkononi mwake, lakini halitoi sauti. Rangi ya kijani inatoka kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi, inatua kwenye paa, inang'aa. Nasema moyoni, ni nzuri. Ukungu unapita juu yake, na rangi inatiririka yote chini, tone kwa tone, paa linabaki jeupe la faiba. Anaanza upya. Anapuliza, inang'aa, inatiririka. Najua kwamba ningekuwa na turubai ningelifunika. Turubai liko ndani, nyuma ya kabati la sahani, naliona kwa akili. Miguu yangu iko ndani ya ukungu na haitoki.

Mara gari limekamilika. Limesimama barabarani, paa juu yake, na pande zote ni chai, mistari kwa mistari, mvua inanyesha nyembamba. Nimevaa kitenge changu cha ibada na kilemba changu kimesimama. Wanaonijua wanakijua kilemba changu. Mchungaji alishawahi kusema nikikaa benchi la mbele, wa nyuma wanasikia mahubiri bila kumwona anayehubiri. Nami nilimjibu kwamba neno linaingia kwa masikio.

Akafungua mlango.

"Keti nipime."

Usiketi. Nilijua. Sauti ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa sikioni, usiketi, usiketi. Lakini siku moja nilikwisha kukataa mlango huo, na hiyo siku nimeikumbuka mwaka mzima nikipepeta mahindi, nikifua, nikisali. Nikaketi.

Akatoa mfukoni kamba ya katani yenye fundo.

Kamba ile naijua. Siku ya ubatizo wa mtoto wa Neema nilikuwa nimekwisha kuvaa, naketi kwenye kiti nafunga viatu, naye akanijia kwa nyuma, akaishusha kamba kutoka juu ya kilemba changu mpaka kwenye kiti. Nilimkemea, "Unanipima jeneza?" Akafunga fundo, akaongeza vidole vinne, akaikata, akaitia mfukoni. Nilidhani ni upuuzi wa wazee. Sikuuliza. Mwezi ule ule ndipo aliponiita kukandika udongo.

Sasa anashika mwisho wa kamba kwenye kiti, anaivuta juu. Na mimi natazama juu, na kwanza nahisi kabla ya kuona. Kilemba changu kimegota. Kimekunjika, kinanishukia machoni. Paa ni bapa. Anaivuta kamba mpaka paani, inakomea pale, na fundo linabaki mkononi mwake halina pa kwenda. Analijaribu tena. Anairudisha kamba chini, anainyosha, anapima kwa utaratibu wa fundi anayedhani kosa ni lake.

Akainama, akanitazama pale mlangoni. Matone ya mvua yako kwenye nyusi zake.

"Nani amelipunguza?"

Sikuwahi kumdanganya mume wangu, na wala sikutaka kuanza. Nilitaka kusema, mimi. Neno lenyewe ni dogo. Nikafungua mdomo, mdomo umejaa puti. Nasukuma kwa ulimi, inazidi kuwa ngumu. Nataka hata nijipige kifua kwa mkono ajue. Mikono iko mapajani, imetulia, kama mikono ya mtu kwenye picha. Na yeye anangoja, hana hasira, na hicho ndicho kilichoniua. Angenifokea ningepona.

Mwisho aligusa paa kwa kidole kimoja, kule juu nisikokuona, akakitazama kidole chake.

Nikasema kwa macho, twende hivyo hivyo. Nitainamisha kichwa. Nitavua kilemba. Twende popote.

Akatikisa kichwa.

"Si leo. Rangi haijakauka."

Akaufunga mlango kwa vidole viwili, polepole, kama alivyoufunga siku ile. Kisha akageuka akashika njia ya katikati ya chai, kwa miguu. Mvua ikazidi. Niliona ameokota kitu njiani, akakiweka kichwani kujikinga, na kilimwenea vizuri. Ilikuwa ile nundu. Alipanda nayo kilima, mistari ya chai ikamfikia kiunoni, mabegani, mwisho ikabaki nundu peke yake inakwenda juu ya majani, na ukungu ukaifunika.

Niliamka uso umelowa na kanga yangu nimeiuma kwa meno.

Kulikuwa kumekucha. Nikasikia Neema anaita kuku. Nikatoka kichwa wazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mkwe. Ile nundu ilikuwa karibu na jiko, imelala chali, na ndani yake Neema ameweka pumba na kuku watatu wanadonoa. Nikawafukuza, nikamwaga pumba, nikaisuuza kwa maji ya ndoo.

"Mama, kuna nini?" Neema akauliza.

"Niletee kilemba changu cha ibada."

Alikileta mbio. Nikakifunga pale pale uani bila kioo, nikaketi kwenye kigoda, nikaichukua nundu kwa mikono miwili nikaishikilia juu ya kichwa changu. Neema akaja akasimama mbele yangu.

"Kimegusa?" nikamuuliza.

Aliingiza mkono kati ya kilemba na nundu. Vikaenea vidole vyake vinne, kidole gumba kikabaki nje. Alielewa kabla sijamweleza. Safari hii hakuficha uso kwenye kanga.

Tumaini akatoka ndani na kikombe cha chai, akatukuta hivyo, mama yake amekaa kwenye kigoda ameshikilia kipande cha gari juu ya kichwa. Nikampa ujumbe kama nilivyopewa, bila kuongeza.

"Baba yako amesema rangi haijakauka."

Akaweka kikombe chini. "Mama, nimetia hadna, ile dawa ya kukaushia. Imekauka tangu jana."

"Gusa."

Alikwenda kwenye mapipa. Aligusa kwa kidole gumba, akakaa vile vile ameinama. Alipotoa kidole, alama yake ilibaki pale kwenye kijani, mistari yote, na kidole chake kilikuwa cha kijani. Akasema labda baridi. Akasema labda ule umande, au kipimo cha hadna kilipungua. Fundi lazima aseme kitu.

Nikamwuliza kama nundu inaungika tena.

"Inaungika. Faiba huungika. Lakini mshono utaonekana, Mama. Hata nikiweka puti kiasi gani, jua likipiga utaonekana."

"Uonekane. Kwa Jumapili?"

"Si kwa Jumapili."

Basi Jumapili nilikwenda kaburini kwa miguu, nimefunga kilemba changu, wanakwaya mbele na mimi nyuma. Msalaba ukawekwa. Walipomaliza kuimba nikabaki nyuma kidogo, nikasema lile neno nililoshindwa kulisema kule. Nikasema, "Ni mimi."

Tumaini ameiunga nundu. Mshono unaonekana. Baba Zawadi alipita, akaona, akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Rangi imepulizwa upya, lakini sasa ni miezi ya ukungu, na kijani kile kinakataa kushika. Wananiambia ningoje jua. Ninangoja. Kila asubuhi kabla sijawasha moto ninapita pale kwenye mapipa, naweka kidole juu ya nundu, nakitazama.

Bado.